Sima ya Mama Kaisu na Kifuli cha Pumzi

Jumapili, 21 Aprili

Mpendwa Nesi Tuulikki,

Salamu nyingi kutoka kwetu Hirvikoski. Mimi Orvokki ni mzima, ila goti. Mume wangu Taisto ni mzima na anakusalimu, ingawa yeye mwenyewe hajui kama anakusalimu. Mama mkwe Helvi hajambo, presha iko palepale, anauliza kama bado unavaa lile koti jembamba, utapata baridi ya mgongo. Binti yetu Kaisu yuko chuoni Oulu, mzima kwa jinsi anavyosema kwenye simu, lakini kwenye simu kila mtu ni mzima. Mbwa wetu Halli hajambo. Paka ametoka tangu Ijumaa, ndio msimu wake. Na ninyi huko kituo cha afya, wewe, daktari, yule dada wa mapokezi mwenye kikohozi, na mama yako kama yupo, wote hamjambo?

Sasa. Hiki kitabu ulimpa Taisto aandike kila siku anachokunywa, mpaka mtakapoonana tarehe sita Mei mpime ini lake. Amesema yeye ni dereva, si karani. Nimekikuta chini ya sufuria ya viazi, kimepata duara jeusi, samahani. Basi nitaandika mimi. Shule niliiacha mapema, ng'ombe walinihitaji zaidi. Vile vijisanduku mlivyochora ni vidogo, nitapita juu yake.

Unajua Taisto anaendesha basi la shule. Unajua pia lile basi lina kifuli cha pumzi: dereva anapuliza kwenye bomba, pumzi ikiwa na pombe, injini haiwaki. Msimu huu wa baridi kimemkatalia mara mbili, zote Jumatatu. Raimo mwenye mabasi amemwambia waziwazi, mara ya tatu unaacha funguo mezani, Taisto, na kahawa hatunywi tena pamoja. Mume wangu ana miaka hamsini na tisa. Nani atamwajiri? Na wale watoto anawapenda. Anamjua anayetapika kwenye kona, anamkalisha mbele, anamwekea mfuko.

Na Vappu ndiyo hiyo inakuja. Tarehe mosi Mei Ufini nzima inakunywa, na kesho yake ni siku ya shule. Nimekosa usingizi wiki nzima. Leo namenya viazi, mpango ukanijia mzima mzima kama mtu kagonga mlango. Sitamkataza bia. Nitamjaza kitu kingine. Sima! Kinywaji cha Vappu, cha watoto: maji, sukari, limau, hamira chembe, zabibu kavu za kuelea. Tumbo likijaa sima, bia itaingilia wapi?

Pombe leo: bia. Alikuwa kwa kaka yake, sikuhesabu. Ndizo za mwisho.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimetengeneza ndoo mbili. Mama mkwe alikaa mezani kunisimamia. Hamira aliniambia chembe kama kichwa cha kiberiti. Huyu mama ni mbahili tangu siku ya harusi yangu, kahawa yake unaona chini ya kikombe. Nikasubiri ageuke. Nikatia pakiti nzima kila ndoo. Sukari nikazidisha pia, maana Taisto anapenda vitamu, na mtu anayeacha pombe anahitaji nguvu.

Kila mwaka chupa tunaziweka stoo ya chini, kwenye baridi. Lakini stoo ndiko liliko kreti la bia. Mtu akienda kuchukua sima mkono unaweza kupotea njia. Nikazipeleka chupa zote chumba cha kuvulia nguo cha sauna, bafu letu la mvuke, karibu na jiko lake. Huko kuna joto zuri. Nikazifunika na blanketi la zamani la Kaisu, lile la bata.

Pombe leo: hakuna. Alikuwa kazini.

Jumatano, 24 Aprili

Zabibu zimepanda juu tayari! Zabibu zikipanda sima imeiva, kila mtu anajua hilo. Za jirani yangu Sirkka huchukua wiki. Sirkka ni mwenyekiti wa chama cha akina mama wasiokunywa, na kila Vappu anawagawia watu sima yake na kuwaambia siri ni subira. Mwaka huu nimemwita kwenye ua nikamwambia za kwangu zimepanda kwa usiku mmoja. Akasema haiwezekani. Nikasema njoo uone. Akasema hana muda wa kuangalia zabibu za watu. Akaja baada ya dakika tano. Akaziangalia akiwa amekunja mikono. Akasema, "Orvokki, hizi zinaruka."

Wivu.

Nimeamua kuziacha zikae mpaka Jumamosi ziwe laini. Kuna kizibo kimoja kimeruka kikagonga dari. Ni uhai huo.

Pombe leo: bia moja, kabla sijaficha ufunguo wa stoo. Nimeuficha ndani ya soksi. Sikumbuki soksi ipi.

Jumamosi, 27 Aprili

Nesi, mpango unafanya kazi. Baada ya sauna Taisto aliuliza bia iko wapi. Nikamwambia leo tunakunywa sima, ufunguo umepotea. Akanuna kama mtoto. Akasema, "Mama Kaisu, unanipa kinywaji cha watoto, na pipi utanipa?" Nikamtilia kikombe. Akanywa. Akatazama kikombe. Akasema ongeza.

Ameshinda nyumbani. Hakwenda baa ya kituo cha mafuta wala kwa kaka yake. Amekaa nasi jioni nzima, amemshika mama yake mkono, amemwambia alikuwa mama mzuri ingawa alimpiga kwa fagio mwaka ule alipocheza na moto. Mama mkwe akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya mzee. Halafu Taisto akaimba. Miaka mingapi hajaimba bila pombe? Akalala kwenye kiti na kiatu kimoja. Usingizi mzito kabisa, anakoroma mpaka Halli ametoka nje. Mlisema mtu akipunguza pombe usingizi unarudi. Kweli.

Mimi mwenyewe nilikunywa vikombe kadhaa kumsindikiza. Unajua sijawahi kugusa pombe maishani, baba yangu alitumalizia fungu letu sote. Lakini sima hii ni tamu, inapasha kifua. Nikampigia Kaisu. Nina wasiwasi naye, wanafunzi wa Oulu wakati wa Vappu wanakunywa mpaka wanaogelea kwenye chemchemi za mji. Nikamwambia bibi yako anaumwa, njoo nyumbani. Akasema, "Mama, mbona unaongea kama unatafuna sufu?" Nikamwambia ni simu.

Pombe leo: hakuna kabisa. Sima nyingi.

Jumapili, 28 Aprili

Taisto ameamka anaumwa kichwa. Mikono inatetemeka. Kiu haiishi, uso mwekundu, hataki kusikia kijiko kikigusa sahani. Nimejua mara moja: ile bia ya miaka inatoka mwilini. Nimeandika ili uone tunavyopambana.

Ajabu ni kwamba hata mimi naumwa kichwa. Na mama mkwe pia, anasema ukuta unasogea. Ndiyo familia hiyo, mmoja akiacha pombe wote wanaumia. Nimewatilia sima kidogo kutuliza tumbo. Tumepata nafuu papo hapo.

Jana usiku Taisto aliamka akasukuma kabati zito upande mwingine wa sebule. Hakumbuki kwa nini. Ni nguvu mpya.

Pombe leo: hakuna.

Jumanne, 30 Aprili

Jana alipuliza, basi likawaka, nikapika pai ya samaki. Leo pia limewaka. Alikuja ananiambia kwa furaha kama amefaulu mtihani.

Mchana Sirkka amekuja na maandazi yake ya sukari na chupa ya sima yake, akaiweka mezani nilinganishe. Kwa heshima nilionja. Maji ya limau. Nikamwambia sasa wewe. Akanywa kikombe cha kwanza akiwa amenyooka, kama anatoa cheti. Cha pili akakaa. Cha tatu akavua viatu. Akasema mwaka ule wa mti wa tufaha, uliodondosha matawi upande wetu, yeye ndiye aliyekuwa na makosa. Miaka kumi na tatu nimesubiri neno hilo. Nikamwambia hapana, shoga, mimi. Tukabishana nani mkosaji zaidi mpaka Taisto akatoka kuangalia nani anapigana. Sirkka akaondoka na chupa nne. Amesema atakuwa anakunywa asubuhi kwa ajili ya tumbo, na ataandika sima yangu kwenye taarifa ya chama kama mfano.

Jioni Kaisu ameshuka kwenye basi, mwanangu, amevaa ile kofia yake nyeupe ya waliomaliza sekondari. Akamkuta bibi yake mgonjwa anacheza dansi na mti wa kusukumia mkate. Akatutazama mmoja mmoja. Akasema yeye mwaka huu hanywi chochote, ana mitihani. Nilifurahi sana. Nikamtilia sima. Akanusa, akaiweka mezani. Watoto wa mjini wamepoteza ladha.

Pombe leo: hakuna. Hata Sirkka, shahidi.

Jumatano, 1 Mei, Vappu

Tumekula nje. Theluji imebaki kivulini tu, mtu akivaa koti anaweza kukaa. Puto, maandazi, saladi ya viazi, sima. Taisto alisimama akatoa hotuba ya wafanyakazi, akailekeza kwenye rundo la kuni. Ilikuwa nzuri. Mama mkwe amemvika Halli kofia ya Kaisu na anamwita mheshimiwa mbunge. Dawa yake ya presha ameiteremsha na sima, anasema inateleza vizuri kuliko maji.

Nimeanguka kwenye tuta la viazi. Ni goti.

Halafu Kaisu akanivuta jikoni. Akasema, "Mama, umelewa."

Nesi, sikuamini masikio yangu. Mimi! Nikamwambia mwanangu, nimekuzaa, nimekulea, mezani kwetu hakuna tone la pombe. Akanishika mabega. Akasema, "Mama, sikiliza. Baba asiende kesho. Mpigie Raimo, sema ana homa." Nikamwambia baba yako hajagusa bia siku nzima, kesho atapuliza kifua mbele, na wewe utaomba radhi. Akasema sima inalevya. Nikamwambia hata wewe uliinywa ukiwa na miaka minne. Akasema, "Hiyo ilikaa stoo, Mama. Hii umeipika kama pombe ya harusi nzima." Nikakasirika. Akatoka nje kumshusha bibi yake kwenye toroli.

Kwa nini mtoto amsingizie mama yake siku ya sikukuu? Ni mitihani.

Pombe leo: hakuna. Naandika kwa herufi kubwa: HAKUNA.

Alhamisi, 2 Mei

Asubuhi Taisto alikuwa mzito. Kaisu alikuwa ameficha viatu vya baba yake vya kazi. Nikavikuta kwenye jiko la sauna, nikampa, na kikombe cha sima cha kumchangamsha. Akaondoka.

Muda si mrefu simu ikalia. Taisto. Sauti ndogo. Kifuli kimekataa. Amepuliza tena, kimekataa tena. Raimo amesimama mbele yake na mkono wazi, anasubiri funguo. Watoto tayari wamepakiwa kwenye basi la Raimo mwenyewe, yule mdogo anayetapika kakalishwa nyuma.

Sikungoja kuvua aproni. Nimekwenda mpaka yadi ya mabasi kwa miguu, hewa baridi. Nikamkuta mume wangu amekaa kwenye ngazi ya basi, kofia mkononi. Anamwapia Raimo kwa jina la mama yake kwamba tangu Jumatano ya wiki iliyopita hajagusa bia. Raimo anasema, "Taisto, rafiki yangu, nisikulazimishe kusema uongo asubuhi hii." Nikamwambia Raimo, mashine yako ni mbovu. Akasema mashine haina ugomvi na mtu. Nikasema basi nipime mimi. Kijiji kizima kinanijua. Sijawahi kunywa hata siku ya harusi, nilinyanyua glasi ya maziwa.

Nikapuliza. Taa nyekundu.

Raimo akanitazama. Akanitazama tena. Akafuta bomba kwa kitambaa, akabadilisha kile cha mdomoni. Nikapuliza. Nyekundu.

Ndipo Sirkka akapita na baiskeli, anaisukuma kwa mkono, anasema leo haimtii. Nikamwita. Huyu hapa, Raimo, mwenyekiti wa wasiokunywa, amefunga baa mbili kwa maneno matupu. Sirkka akafungua koti akapuliza kama anazima mishumaa ya kanisa. Nyekundu, na mlio juu.

Nikamtuma Taisto akamlete mama yake. Mama mkwe ana miaka themanini na nne, alikuja na kigari chake cha kutembelea. Akapuliza. Kile kifuli kilipiga kelele ambayo Raimo anasema hajaisikia tangu akinunue. Mama mkwe akakiambia, "Nyamaza, mpumbavu."

Raimo akakaa chini kwenye tairi. Akatutazama wote wanne. Akasema kama huyu bibi na Sirkka wamelewa, basi yeye ni askofu. Kifuli kimekufa. Akampa Taisto mkono, akamwomba radhi mbele yetu. Ameita fundi kutoka Oulu. Taisto alilia kidogo. Na mimi nililia. Kaisu, aliyekuwa amenifuata mbio, alisimama mbali na kujishika kichwa kwa mikono miwili. Wala hakuomba radhi.

Pombe leo: hakuna. Imethibitishwa.

Ijumaa, 3 Mei

Leo naandika kwa aibu.

Fundi amekuja, kijana mpole, anaitwa Jarkko. Akapuliza. Basi likawaka. Akapuliza tena. Likawaka. Akasema mashine yenu ni nzima kuliko mimi. Nikamwambia hapana, wewe ndiye unaipuliza kifundi. Na kwa kuwa ametoka mbali, mgeni ni mgeni, nilikuwa nimebeba maandazi na chupa mbili. Akanywa vikombe viwili vizuri. Akasema asante, mama, nzuri sana. Akarudi kukagua nyaya. Akapuliza.

Nyekundu.

Jarkko akalitazama bomba. Akaitazama chupa. Akainusa, akafunga macho. Akauliza kwa adabu ni nani aliyetengeneza. Nikasema mimi. Akauliza iliiva wapi. Nikasema karibu na jiko la sauna, chini ya blanketi. Akauliza hamira kiasi gani. Nikamwambia. Akasema, "Mama, kwa ukali huu serikali hairuhusu iuzwe kwenye duka la kawaida."

Raimo alicheka mpaka akashika kioo cha basi. Halafu akaacha kucheka. Akamgeukia Taisto. Nesi, hapo nilitamani ardhi inimeze na goti langu. Taisto hakujitetea. Alitoa funguo mwenyewe, akazinyoosha. Akasema, "Raimo, sikujua. Lakini basi lingewaka, ningewaendesha wale watoto hivyo." Sauti yake hata mimi sikuijua.

Raimo alimrudishia funguo. Akasema hii hataihesabu ya tatu, maana hata bibi kizee kalewa. Lakini Jumatatu asubuhi Taisto anapuliza, na taa ikiwa nyekundu kwa sababu yoyote, hata kwa sababu ya maandazi, imekwisha.

Sirkka amejiuzulu uenyekiti. Kisha amejirudisha, hapakuwa na mwingine aliyetaka. Mti wa tufaha umerudi kuwa kosa langu.

Pombe leo: Kaisu amenilazimisha niandike "ndiyo", halafu anataka nirudi nyuma nisahihishe siku zote. Sikusahihisha. Siku zile nilikuwa sijui.

Jumapili, 5 Mei

Mpendwa Nesi, naandika upesi, Kaisu amerudi Oulu mchana na nyumba imetulia.

Taisto amemwaga sima yote nyuma ya banda, mwenyewe, chupa kwa chupa. Kunguru mmoja bado amelala pale. Kreti la bia amelirudisha kwa kaka yake, soksi yenye ufunguo nilikuwa nimeivaa. Siku mbili hizi anakunywa maji na kahawa tu. Amefua kofia yake ya kazi. Jana alikwenda kwa miguu njia yote ya basi lake, kituo hadi kituo, akarudi, akalala bila kukoroma. Kichwa hakimuumi. Mikono imetulia.

Lakini mimi namwangalia, yule si mzima. Uso umekuwa mweupe, wekundu wote umeondoka. Haimbi. Hasukumi kabati. Mtu hawezi kukabili siku kubwa kama kesho na tumbo la maji. Nimefikiri sana kosa letu lilikuwa wapi, na nimelipata. Zabibu. Zabibu ndizo zinazotengenezwa mvinyo kule Ufaransa, kila mtu anajua, na mimi nilizitia kwa mikono yangu.

Basi tangu Ijumaa jioni nimetengeneza kinywaji kile cha zamani cha shayiri na mkate mkavu, walichokuwa wanapewa wakata nyasi. Kizito, kina afya, hakina zabibu hata moja. Stoo siku hizi ni tupu na haina bia, lakini ni baridi, kinywaji kingeugua. Nimekiweka palepale karibu na jiko la sauna. Hamira pakiti tatu, maana shayiri ni nzito kuinyanyua. Povu limepanda vizuri, limetoka nje ya ndoo, limefika mlangoni. Sirkka amechungulia, amesema hataki kujua, halafu ameuliza kitakuwa tayari lini.

Taisto hajui. Nimemtilia chupa kubwa kwenye mfuko wake wa kazi badala ya kahawa, kahawa inamtia wasiwasi. Atakunywa njiani, afike yadi amechangamka.

Kitabu hiki nakitumbukiza sasa hivi kwenye tundu la barua la mlango wa kituo chenu. Najua leo mmefunga, lakini labda mtu atapita. Msalimie daktari, na yule dada wa kikohozi, na mama yako. Kama una ushauri wowote tafadhali nijibu upesi, ikiwezekana kabla ya saa moja asubuhi, ndipo anapopuliza.

Pombe leo: hakuna.

Wako,
Orvokki, mama Kaisu